‘Nyumba ndogo’ iliyoonekana kwenye hesabu za kuosha magari

Kwa wanandoa wengi wenye biashara ndogo, swali la fedha huanza kama swali la fedha na kuishia kuwa swali la ndoa. Ndivyo ilivyowatokea mume na mke wanaoishi Goba, Dar es Salaam, ambao majina yao yamehifadhiwa. Mume ana biashara ya kuosha na kung’arisha magari kwa kuwafuata wateja walipo. Mke ni muuguzi wa zahanati. Mwaka jana walibishana kwa wiki sita kuhusu programu gani ya uhasibu waitumie, na katikati ya ubishi huo yakaibuka mambo ambayo hakuna aliyetegemea yangetoka kwenye kompyuta.

Biashara yenyewe wengi wanaifahamu kwa macho. Ni guta la injini lenye tangi la maji la lita 500, mashine ya presha, jenereta dogo na mashine ya kunyonya vumbi. Mteja anapiga simu akiwa Mikocheni au Mbezi Beach, vijana wanafika nyumbani kwake au kwenye maegesho ya ofisi, na gari linasafishwa huku mwenyewe akiendelea na shughuli zake. Kuosha ndani na nje ni Sh15,000. Kufua siti, kapeti na dari ya gari ni Sh100,000. Kupiga polishi bodi nzima mpaka mikwaruzo midogo ipotee ni Sh150,000. Mume alianza mwaka 2021 akiwa na ndoo mbili na mashine ya kuazima. Sasa anafanya kazi na mdogo wake wa kiume pamoja na vijana wawili wanaolipwa kwa gari.

Kazi ilikuwepo. Mke aliliona guta likitoka alfajiri na kurudi usiku, siku sita kwa wiki. Lakini ada ya mtoto ya muhula wa kwanza ilitoka kwenye mshahara wake wa uuguzi, na ya muhula wa pili vilevile. Akiuliza, jibu halikubadilika: “Hela ipo kwenye mzunguko, mama watoto.” Mzunguko huo yeye hakuwahi kuuona, si mezani, si benki, si kwenye kiwanja walichokuwa wakikisema tangu waoane.

Jioni moja aliazima simu ya mumewe kununua umeme wa LUKU. Akitafuta ujumbe wenye namba za kuingiza kwenye mita, akakuta ujumbe mwingine: Sh150,000 zimetumwa kwa mtu mwenye jina la kike asilolijua. Akapanda juu. Mwezi uliotangulia, kiasi kilekile, jina lilelile. Na ule wa kabla yake. Kila tarehe tano.

Hakusema kitu. Wanawake wengi wangeamsha nyumba usiku huohuo, na hakuna wa kuwalaumu. Yeye alilala nalo siku tatu, kisha akaja na ombi ambalo mumewe alilipokea kama msaada: kuanzia sasa, hesabu za biashara azishike yeye, na zisiwe za daftari tena bali za kompyuta.

Mume alikubali haraka kuliko alivyotarajia. Daftari lilikuwa limemchosha. Lilikuwa kaunta buku moja nene, lililolowa maji na kukauka mara nyingi hadi kurasa zikawa ngumu kama chapati za jana. Ndani yake mlikuwa na namba za magari, majina kama “dokta wa Prado” na “mama Harrier nyeupe”, na alama ya vema ambayo mara ilimaanisha amelipa, mara ilimaanisha gari limeshaoshwa. Mwenyewe alikuwa analala saa nne kwa usiku. Mkewe alimpima presha siku tatu tofauti, akiwa amekaa na kutulia kama inavyotakiwa, na mara zote ilikuwa juu ya 150 kwa 95. Kiwango ambacho wahudumu wa afya huanza kuiita presha ya juu ni 140 kwa 90. Hakuna programu ya hesabu inayotibu presha, lakini mtu anayeamka usiku kukumbuka nani hajalipa ana haki ya kutafuta mahali pengine pa kuhifadhi kumbukumbu hizo zaidi ya kichwani mwake.

Uuguzi ulimsaidia mke kuliko ambavyo kozi fupi ya uhasibu ingemsaidia. Aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha afya anazijua rejista za MTUHA, yale madaftari makubwa ya wagonjwa wa nje, ya wajawazito, ya watoto, ambayo mwisho wa mwezi hujumlishwa na takwimu kupelekwa wilayani. Anajua pia siri ambayo wanaotengeneza mifumo huwa hawaielewi: rejista yenye safu nyingi mno haijazwi. Foleni ikiwa ndefu, muuguzi atajaza zile safu tano anazojua zitaulizwa, na zilizobaki ataziacha au atazijaza jioni kwa kukisia. Kwa hiyo, kabla ya kuangalia programu yoyote, alijiuliza swali ambalo wauzaji wa programu huliweka mwisho: nani ataingiza taarifa, saa ngapi, akiwa katika hali gani? Mumewe huwa na mikono yenye povu kutwa nzima. Vijana hawana simu za kutegemewa. Mtu pekee mwenye mikono mikavu na meza ni yeye, saa tatu usiku, akiwa ametoka zamu. Dakika ishirini, basi.

Wa kwanza kuleta ushauri alikuwa mtoto wa dada yake, anayesoma uhasibu chuoni. “Mamdogo, usihangaike,” alisema, akachomoa flashi. Ndani yake mlikuwa na Tally, programu ya Kihindi kutoka Bengaluru ambayo ipo tangu miaka ya 1980 na wahasibu wengi wa maduka ya jumla wanaifahamu. Ni programu nzuri, hasa kwa mtu mwenye ghala na bidhaa za kuhesabu. Lakini wao hawana ghala. Mzigo wao wote ni dumu nne za shampuu na mfuko wa vitambaa. Na iliyokuwa kwenye flashi ilikuwa nakala ya kuvunjwa. Mke alimuuliza swali moja tu: siku ikigoma, tunampigia nani? Kijana akacheka kwa aibu. Sheria inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake za kodi kwa miaka mitano. Kuziweka miaka mitano ndani ya programu ya wizi, ambayo haipati marekebisho na huenda imekuja na virusi, ni sawa na kuhifadhi chanjo kwenye friji ambayo hujui kama inafanya kazi.

Wa pili alikuwa mteja wa Masaki, mwenye kampuni yake, aliyesifia QuickBooks. Waliijaribu kwa siku za majaribio na mume akaipenda kwa sababu ankara zake zilikuwa nzuri, zenye nembo. Tatizo lilikuwa mambo mawili. Malipo ni ya kila mwezi, kwa kadi, kwa bei ya dola, wakati mapato yao ni ya shilingi. Na kinachowavutia wengi kwenye programu za aina hiyo ni uwezo wa kuvuta miamala yenyewe kutoka benki, mwenye biashara asiandike chochote. Kwa biashara ambayo wateja wake karibu wote wanalipa kwa simu au kwa noti mkononi, huko ni kulipia bomba lisilopita maji. Mengine yote yangebaki kuandikwa kwa mkono kama kawaida.

Waliangalia Zoho Books, ambayo ina ngazi ya bure kwa biashara ndogo na hufanya kazi vizuri kwenye simu. Hii nusura ishinde. Kilichoiangusha ni bando. Nyumba yao iko bondeni, mtandao unakuja na kuondoka, na zile dakika ishirini za usiku zikawa dakika arobaini za kutazama kiduara kikizunguka. Aliye Sinza au Kariakoo pengine angeamua tofauti, na asingekosea.

Excel nayo walipita. Ni ya kila mtu, haina ada ya ziada kwa mwenye nayo, na kwa mtu makini inatosha kabisa. Mume siyo huyo mtu. Siku ya pili aliandika “15 elfu” badala ya 15000 kwenye vyumba vinane, na programu ikahesabu vyumba hivyo kuwa maneno tu. Jumla ikatoka pungufu na hakuna kengele iliyolia. Hilo ndilo tatizo la lahajedwali: linakosea kimyakimya. Kulikuwa pia na GnuCash, ya bure na imara, iliyoandikwa na watu wa kujitolea, lakini mke alikaa nayo usiku mmoja akaifunga. Ilimwongelesha kama mhasibu anavyomwongelesha mhasibu mwenzake.

Mpwa ndiye aliyeleta jina la Manager. Toleo lake la kuweka kwenye kompyuta ni la bure na halihitaji intaneti. Linalolipiwa ni lile la mtandaoni, ambalo watu kadhaa wanaweza kuingia kwa pamoja. Mke hakuichagua kwa sababu ni ya bure. Alifanya mtihani, na mtihani huo unafaa kuigwa na yeyote anayesumbuliwa na matangazo ya programu za biashara. Alichukua wiki moja halisi ya kaunta buku, magari 31, vurugu zake zote, akaiingiza katika kila programu iliyobaki huku ameweka saa mezani. Kisha akaiuliza kila moja maswali yaleyale. Nani anatudai, na tangu lini? Kila aina ya kazi inatuachia kiasi gani? Hela inayosemwa na programu inalingana na iliyopo kwenye simu na kwenye pochi? Na swali la nne, aliloliongeza baada ya kufikiri: siku tukitaka kuhama, tunaweza kuondoka na taarifa zetu? Manager ilijibu yote manne, na uingizaji ulichukua muda unaovumilika.

Katika wiki hizo alijitokeza kijana mmoja wa mauzo aliyewaahidi programu ambayo “ukiwa nayo TRA hawakusumbui”. Hapa wengi huchanganyikiwa. Risiti ya EFD inatoka kwenye mashine au mfumo uliounganishwa na TRA, na wao mashine wanayo. Hiyo ni kumbukumbu ya serikali kujua umeuza nini. Haikuambii kama umepata faida, nani hajalipa, wala kwa nini mfukoni mmebaki patupu. Kwa mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi Sh100 milioni kwa mwaka, kodi ya makadirio inaangalia mauzo, siyo faida. Maana yake unaweza kulipa kodi halali huku biashara inakula mtaji, na mashine ya risiti isikwambie lolote.

Kabla ya kuingiza shilingi ya kwanza, mke aliweka sharti: biashara iwe na lipa namba yake, na laini ya mume ibaki ya mume. Hili lilileta ubishi mkali kuliko uchaguzi wote wa programu. Mume alisema wateja wamezoea namba ile. Alisema makato yataongezeka. Alisema mwanaume mzima hawezi kuomba nauli kwa mke wake. Mke akasubiri amalize, akasema, “Sikukatazi kutoa. Ila ukitoa, iandikwe imekwenda wapi.” Huo ndio uhasibu wote, kwa kweli. Mtawa wa Kiitaliano Luca Pacioli alipochapisha kitabu chake cha hisabati Venice mwaka 1494, akaeleza ndani yake namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao mara mbili, kanuni ilikuwa hiyohiyo: kila fedha ina ilikotoka na ina ilikokwenda. Programu zote, za bure na za dola, zimejengwa juu ya msingi huo. Zinatofautiana kwa sura na bei.

Mwezi wa kwanza uliokamilika ulitoka hivi. Magari ya kuosha kawaida yalikuwa 96, ya kufua siti 14, ya polishi sita. Mauzo yote Sh3,740,000. Gharama, kuanzia malipo ya vijana, dawa za kuoshea, mafuta ya guta na jenereta, maji, makato ya simu, vocha, hadi matengenezo ya mashine, Sh2,524,000. Faida kwenye karatasi, Sh1,216,000. Mume aliguna kwa furaha. Hakuwahi kujua kuwa anaingiza kiasi hicho.

Lakini fedha taslimu zilizobaki zilikuwa Sh86,000.

Hapo ndipo programu ilipoanza kustahili muda wote waliopoteza. Sh860,000 zilikuwa kwa wadaiwa, karibu zote kwa kampuni moja yenye magari matano ambayo iliahidi kulipa “mwisho wa mwezi” bila kusema mwezi gani. Mume aliona aibu kuwadai kwa sababu ni wateja wakubwa, na ofisini kwao huwa wanampa soda. Kwenye kaunta buku, magari yao yalikuwa na alama ya vema.

Sh120,000 nyingine zilichukuliwa na mdogo mtu, kidogokidogo, elfu tano ya nauli, elfu kumi ya chakula. Mke alipomwonyesha, kijana alibadilika sura. “Shemeji, mimi siyo mwizi,” alisema. Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha mke akashuka chini kwenye orodha ya mishahara kumtafutia jina lake, asilione. Vijana wawili wa kulipwa kwa gari walikuwa wamegawana Sh1,130,000. Mdogo mtu, anayeendesha guta, anayeshika funguo za wateja na kulala na mashine chumbani kwake, alikuwa amepata hizo Sh120,000 za kuokoteza na chakula cha usiku. Miaka minne hakuna aliyemtajia mshahara, kwa kuwa ni ndugu. Wamekubaliana sasa Sh400,000 kwa mwezi, na faida ya kwenye karatasi ikashuka hadi Sh816,000. Namba hiyo ni ndogo lakini ndiyo ya kweli. Ile ya kwanza ilikuwa na jasho la mtu ndani yake.

Na zilikuwepo Sh150,000 za tarehe tano.

Mke aliacha mstari huo wazi. Programu inataka kila malipo yawe na jina la kundi, na yeye hakulijaza. Usiku akamgeuzia mumewe kompyuta na kumuuliza, kwa sauti ileile aliyouliza habari ya mafuta ya jenereta, hii tuiandike wapi. Mume alinyamaza, kisha akasema ni ya mama. Mama yake yuko kijijini, wilayani Korogwe, hana simu, na fedha zake hupitia kwa wakala wa dukani, mwanamke, ndiye mwenye jina lile. Amekuwa akituma tangu mama alipoanguka mwaka juzi. Hakusema kwa sababu wakati ule mke ndiye aliyekuwa akilipa ada, na aliona haya kuonekana anahudumia kwao huku kwake kunahudumiwa na mke.

Msomaji anaweza kutegemea kwamba mke alilia kwa furaha. Alikasirika. Alikasirika kuliko angekuta nyumba ndogo, kwa maana yeye ni muuguzi, na mama mkwe wake ana presha na sukari, na kwa miaka miwili hakuna aliyemuuliza dawa. Alipopigiwa simu ya wakala, mama alieleza kwa utaratibu wote kwamba hununua vidonge vya presha kichwa kinapouma, na kikipoa anaviweka vimsubiri. Ni kosa ambalo kila kliniki ya presha nchini inalijua. Vidonge hivyo ni vya kila siku, kichwa kiume kisiume, kwa sababu presha hupanda bila kupiga hodi na mtu huanza kuisikia ikiwa imeshafika kwenye figo, moyo au ubongo. Mke aliomba ruhusa ya siku mbili akapanda basi. Mume alibaki na mtoto, na kwa mara ya kwanza aliingiza magari ya siku hiyo kwenye kompyuta mwenyewe. Aliyakosea mawili.

Kitu kingine kilionekana kwa kutokuwepo. Kwenye kundi la dawa na vifaa, mwezi mzima, shampuu ilikuwepo, nta ilikuwepo, dawa ya kung’arisha rimu ilikuwepo. Glavu hazikuwepo hata jozi moja. Siku ya malipo mke aliomba kuona mikono ya wale vijana. Mmoja alikuwa na ncha za vidole zilizochunika na kucha zilizopauka. Dawa ya rimu ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, imepimwa dukani kutoka kwenye dumu. Baadhi ya dawa za kusafishia rimu zina asidi ya haidrofloriki au jamaa zake, na ubaya wake ni kwamba ngozi inaweza isiume mara moja. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, asidi ikiwa imeshazama ndani na kuanza kufunga kalsiamu ya mwili. Kwenye chupa isiyo na lebo huwezi kujua kama ni hiyo au sabuni kali tu, na sababu hiyo pekee inatosha kuikataa. Sasa rimu zinasuguliwa kwa brashi na shampuu, zinachukua muda zaidi, na glavu za mpira zina mstari wao. Mume alilalamika kwamba rimu haziwaki kama zamani. Hilo ni kweli, haziwaki.

Kuhusu polishi bado hawajaelewana. Hesabu zinaonyesha kuwa gari la polishi, Sh150,000, linabakiza Sh45,000 baada ya vijana, dawa na mafuta, na linakula siku nzima. Kufua siti, Sh100,000, kunabakiza Sh53,000 kwa nusu siku. Mpwa anashauri polishi ipandishwe bei au iachwe. Mume hataki kusikia. Polishi ndiyo kazi anayoipenda, ndiyo picha anazoweka status, na anadai wateja wa siti wanaletwa na picha hizo. Inawezekana. Programu haina mahali pa kupima hilo, na mke amekubali kusubiri miezi mitatu aone.

Fedha za mama zinaendelea kutumwa tarehe tano. Mume alitaka ziingie kwenye gharama za biashara; mpwa akakataa katakata, akieleza kuwa hizo ni matumizi ya mwenye biashara, na kuzichanganya na gharama kutafanya faida ionekane ndogo kuliko ilivyo. Zimewekwa huko, kwenye mstari wa peke yake ulioandikwa “Mama, Korogwe”. Nakala ya hesabu zote hunakiliwa kwenye flashi mbili kila Jumapili. Moja inakaa kabatini, nyingine kwa dada yake mke Kimara, maana kompyuta ni ya mtumba na betri yake haishiki chaji.

Kwa sasa mdogo mtu anataka wahamie toleo la mtandaoni ili aweze kuingiza magari kwenye simu akiwa hukohuko kazini, badala ya kumtumia shemeji yake ujumbe wa sauti kila gari likiisha. Kaka yake amesema hilo litaangaliwa ile kampuni ya magari matano ikimaliza kulipa. Siku hizi inapelekewa ankara siku ileile gari linapooshwa, na hadi Jumatatu ya wiki hii deni lake lilikuwa limebaki Sh260,000.